Kifaransa cha Bi Echa

Juzi binti yangu alimenya chungwa jikoni, akayaacha maganda juu ya redieta kwa uvivu tu wa kwenda kwenye pipa. Maganda yakapata joto, yakaanza kunuka. Mimi nilikuwa nafuta sahani. Nikavuta kiti nikakaa, na kitambaa mkononi, na binti yangu akadhani presha imenipanda, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimemeza dawa.

Haikuwa presha. Ilikuwa chumba cha Bi Echa. Nyinyi wa rika langu mliolelewa kwenye vyumba vya kupanga vya London ya zamani mtaikumbuka hita ya parafini, na ile harufu iliyoingia kwenye nywele, kwenye mkate, mpaka kwenye kurasa za msahafu. Kila nyumba ilikuwa na hila yake ya kuipunguza. Wengine walifukiza ubani. Bi Echa aliweka maganda ya machungwa juu ya bati la hita, yakakauka, yakajikunja, yakaungua pembeni, na yeye kaketi kitandani, miguu kaifunika blanketi, anaandika.

Tumemzika mwezi uliopita. Matangani, hapa Ilford, mzee mmoja wa heshima alishika kipaza sauti akasema tumeondokewa na mshairi wetu wa Kiswahili. Watu wakaitikia kwa huzuni. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, sinia mikononi, nikanyamaza. Sikusoma sana, na kusema mbele ya watu sikujaaliwa. Lakini lililosemwa si kweli, na aliyesemewa angekuwa hai angejibu pale pale. Bi Echa hakuchapisha hata ubeti mmoja wa Kiswahili. Aliandika kwa Kifaransa maisha yake yote, kwa makusudi, na watu wengi wa kwetu walimnunia kwa hilo. Vitabu vyake ni vyembamba, vyote vilitoka Paris, na kule kuna watu waliomjua kwa jina wakati majirani zake hapa walimjua kwa mandazi. Uzeeni aliitwa kusoma mashairi yake Ubelgiji, akaitwa Bukini, akaenda na fimbo yake. Kama tunataka kumsifu, basi tumsifu kwa alichokifanya.

Alikuwa mkaza mjomba wangu, mke wa Mjomba Seif, kaka yake mama yangu. Alizaliwa Ngazija. Baba yake, mpishi, alimchukua Majunga, kule kisiwa cha Bukini, akiwa mdogo akamtia skuli ya masista, na masista wakampiga fimbo kila alipofungua kinywa kwa lugha ya mama yake. Ndivyo alivyokijua Kifaransa. Unguja alikuja kwa ndoa. Baada ya mapinduzi, Wangazija waliokuwapo Unguja tangu babu zao walianza kuulizwa kwao ni wapi, sembuse yeye aliyeletwa na harusi. Mjomba Seif akatolewa kazini bandarini. Baba yangu akawekwa ndani kwa maneno aliyoyasema barazani, na hatukumwona tena. Tukaja London, sisi wanne tuliobaki, tukapanga vyumba viwili vya juu kabisa katika nyumba moja ya upande wa mashariki. Choo kilikuwa chini, ngazi mbili.

Mama na Bi Echa walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli. Mashati yalipigwa pasi yakakunjwa juu ya vipande vya kadibodi. Vipande vilivyopinda vilitupwa, na Bi Echa akiviokota. Mashairi yake ya mwanzo yote yaliandikwa juu ya kadibodi za mashati ya watu tusiowajua, kwa penseli, mistari mifupi, yamepangwa chini ya godoro. Ukilala juu ya godoro lile ulihisi umelala juu ya sakafu. Mjomba Seif alilalia mashairi miaka yote hiyo na hakulalamika mgongo. Hakujua Kifaransa. Jioni Bi Echa alimsomea, yeye akavua viatu, akafumba macho, akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya kwao.

Wanawake wa kwetu walipokuja kututembelea hawakumwacha. Bi Nunu, mtani mkubwa, mwenye sauti ya kufika barabarani, alimwambia siku moja: "Mngazija wee! Ukifa na Kifaransa chako hicho, Munkari na Nakiri watakuhoji kwa lugha gani kaburini?"

"Wataleta mkalimani," Bi Echa akasema, bila kuinua penseli.

"Na asipopatikana?"

"Basi watanisubiri nimalize shairi."

Wakacheka wote. Lakini Bi Nunu alirudi kwenye jambo lake. "Kweli lakini, Echa. Kiswahili kina kasoro gani? Si utuandikie nasi tuimbe harusini?"

Ndipo Bi Echa akaweka penseli. "Kiswahili napikia, nalilia, nambembelezea mume wangu. Kifaransa nimepigwa ili nikijue. Nina makovu yake hapa." Akaonesha nyuma ya mkono. "Waliokipigia fimbo walidhani ni chao. Sasa ni changu, na nitawasema kwacho."

Na hao wa Paris nao hawakumpata kirahisi. Mtu wa kwanza aliyetaka kumchapa kitabu alimletea barua, akimtaka aandike bahari, karafuu na mwezi. Bi Echa alimsomea Mama maneno hayo huku akitikisa kichwa. "Bahari nimeivuka nikitapika tu. Karafuu sijachuma hata moja." Akaandika mashine ya kupigia pasi, na mvuke wake, na mwanamke wa Kijamaika aliyeungua mkono akaambiwa arudi kazini baada ya chakula. Yule mtu akakataa. Akaja mwingine, akakubali, na kitabu cha kwanza kikaanza kuchapwa. Wafaransa wa hapa London, walio kule magharibi ya mji, wakamwalika aje kukisoma ukumbini kwao kikishatoka.

Mjomba Seif akanunua tai.

Halafu akaanza kukohoa, akapelekwa hospitali, akafa. Hivi ndivyo ninavyojua leo. Wakati ule, nilipokuwa na pengo la meno ya mbele, nilijua mengine. Nilipelekwa kulala kwa Bi Nunu, na niliporudishwa nyumbani Mjomba hakuwapo, na Mama akaniambia amesafiri. Koti lake lilikuwa bado kwenye msumari. Nikajiuliza moyoni ni safari gani ya mtu kuacha koti London.

Na Bi Echa alikuwa amebadilika. Bangili zake zilikuwa zimetolewa. Macho hayakuwa na wanja. Kavaa nguo nyeupe tupu isiyo na hata ua moja, na kazini hakwenda, dukani hakwenda, hata chini mlangoni kuchukua maziwa hakwenda. Wanawake walikuja kwa zamu na vyakula vilivyofunikwa, wakaketi naye kidogo, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaondoka. Nikamwuliza Mama, Bi Echa atatoka lini? Mama akanijibu: miezi minne na siku kumi, yuko edani.

Neno eda sikulijua. Lakini miezi nilijua maana yake. Baba yangu naye walikuwa wakimhesabia miezi, Mama na Mjomba, wakidhani nimelala, mpaka wakaacha kuhesabu. Na nilijua alichofungiwa: maneno. Walimkalisha kitini, Mama alisema, wakayachukua maneno yake yote, halafu wakamfunga nayo.

Siku moja ya Jumapili alikuja Mjomba Khamis, kaka mkubwa wa Mama na Mjomba Seif. Sitamsema vibaya, kwani ndiye aliyetutafutia vile vyumba, na kila wiki alitupandishia ngazi hizo na gunia dogo la mchele. Lakini shemeji si maharimu. Ndugu yake akishafariki hawezi kuingia chumbani kwa mjane aliye edani. Kwa hivyo alisimama kwenye kijia nje ya chumba, kofia mkononi, akazungumza na mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi.

"Shemeji, nasikia kuna Wafaransa wanakuita ukumbini."

"Walinialika kabla ya haya kutokea," mlango ukajibu.

"Hutokwenda."

"Siendi. Sikuhitaji kuambiwa."

Akavuta pumzi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mrefu zaidi. "Na hayo mashairi uyaache kabisa. Mashairi yako ndiyo yametufikisha hapa. Tunasemwa kutoka hapa mpaka Portsmouth."

"Huko Portsmouth wamejua Kifaransa tangu lini?"

"Echa!"

"Labeka, shemeji."

Jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio, na Mjomba Khamis akashuka, amekasirika, akanipitia bila kuniona. Mimi nilikuwa nimepata jibu langu. Hutokwenda. Mashairi yako ndiyo yametufikisha hapa. Yote yalikaa sawa kichwani mwangu: Bi Echa amefungwa kwa sababu ya mashairi, Mama ndiye aliyewekwa kumchunga, na Mjomba Seif amekimbia asije akafungwa naye.

Sikumwambia mtu. Skuli, mwalimu alipotuambia tuandike hadithi, nilimrudishia karatasi tupu.

Kisha akaja Madamu Kolet, ndiye aliyepanga ule mkutano wa ukumbini. Mwanamke mrefu, kola ya koti lake ina manyoya. Kwa kuwa ni mwanamke aliruhusiwa kuingia. Walizungumza Kifaransa, na kila hatua Bi Echa alimgeuzia Mama kwa Kiswahili, kwani hakupenda mtu akae nyumbani mwake asielewe. Madamu hakuweza kubadilisha siku. Alikuwa na mwigizaji mmoja, dada mzuri, sauti nzuri, angesoma mashairi badala yake.

"Nimemwambia hapana," Bi Echa akamwambia Mama. "Atayasoma kama anauza manukato."

"Basi yasisomwe," Mama akasema. Alikuwa mwoga, Mama, na aliyemwogopa zaidi alikuwa kaka yake.

"Yatasomwa, na nitayasoma mimi. Ana mashine ya kunasia sauti."

"Khamis atasema sauti yako nayo iko edani."

"Sauti yangu haina miguu. Mimi nitakuwa hapa hapa kitandani. Mume wangu nimekaa kumwekea heshima, na nitamaliza siku zake zote, hata moja sitoiruka. Lakini kitabu hiki nilimsomea yeye neno kwa neno. Nikikinyamazia, heshima hiyo ni ya nani?"

Mama alikwenda kuongeza parafini.

Jumamosi mchana Madamu akarudi na sanduku zito, dereva wa teksi akamsaidia mpaka ngazi ya mwisho. Ndani mlikuwa na mashine yenye magurudumu mawili na utepe wa rangi ya kahawia. Akaiweka juu ya meza, akaipachika kwenye umeme. Akamkalisha Bi Echa kitini, si kitandani. Akamwekea kitu cha chuma mbele ya mdomo. Akabonyeza, taa nyekundu ikawaka, magurudumu yakaanza kuzunguka, na Madamu akainua kidole kumwonesha kwamba sasa aseme.

Mimi nilikuwa kwenye pembe, karibu na kabati. Bi Echa akasoma. Alisoma moja, akasoma la pili. La tatu halikuwamo kitabuni, lilikuwa jipya, la koti la Mjomba Seif, jinsi lilivyobaki na umbo la mabega yake pale kwenye msumari, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichokiona ni kwamba sauti yake ilianza kukatika, na machozi yakamshuka, na yule mwanamke wa manyoya hakumwonea huruma, alimtazama tu, na magurudumu yakaendelea kuyachukua maneno yake.

Sisi watoto tulikuwa tukijibu wakubwa kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyokuwa, na watoto wetu wako hivyo hivyo. Siku ile sijui Kiswahili kilinitoka wapi.

"Hatofanya tena!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimeshauvuta mkono wa Madamu. "Msimfunge! Hatofanya tena wallahi, mwacheni atoke!"

Bi Echa akaacha kusoma. "Nani kakwambia nimefungwa?"

"Mjomba Khamis. Kwa sababu ya mashairi."

"Na Mjomba Seif yuko wapi?"

"Kasafiri."

Bi Echa akamtazama Mama. Mama akaitazama hita.

"Njoo hapa," Bi Echa akaniambia. Nikaenda. Akanishika mabega yote mawili. "Mjomba Seif hakusafiri. Amekufa, tumemzika, na tunamlilia. Mimi sikufungwa na mtu. Nakaa humu kwa ajili yake, kwa hiari yangu, mpaka siku zake zishe. Umefahamu?"

"Na mashairi?"

"Mashairi nitafanya. Nitafanya tena, na tena. Na wewe usiniombee msamaha kwa mtu yeyote, milele. Umesikia?"

Nilisikia. Nililia mpaka nikatapika kwenye kanga ya Mama. Nililia kwa Mjomba, na nadhani kwa baba yangu pia, maana ukishaambiwa kuwa mtu mmoja amekufa, wengine waliosafiri nao unaanza kuwaelewa. Bi Echa akaningoja mpaka nilipotulia, akajifuta uso, akalisoma shairi lile upya, lote, tangu mwanzo. Magurudumu hayakuwa yamesimama hata kidogo.

Madamu alipokuwa akifunga sanduku walibishana. Bi Echa akamgeukia Mama, karibu na kucheka. "Anasema ataikata sehemu ya mtoto. Anasema si mashairi."

"Si aikate," Mama akasema haraka. "Aibu."

"Nimemwambia akikata hiyo, arudishe na iliyobaki. Nimesoma mbele ya mtoto wangu, na mtoto wangu ameniuliza. Asiyetaka kusikia Kiswahili changu aache na Kifaransa changu."

Siku ya ukumbini Mama alisema haendi. Asubuhi alisema haendi, mchana alisema haendi. Bi Echa hakumbembeleza. Kisha Mama akavaa koti lake la kazini, kwa kuwa hakuwa na jingine, akafunga mtandio, akanishika mkono, tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka magharibi ya mji. Ukumbi ulikuwa na viti vyekundu. Jukwaani hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza, na mashine, na pembeni yake bilauri ya maji, kana kwamba mashine nayo ingeona kiu.

Bi Echa akasoma. Baadhi ya watu walifumba macho. Halafu sauti yangu ikapasuka mle ndani, kubwa kuliko nilivyokuwa mimi, na Mama akauminya mkono wangu hadi ukauma. Vichwa vikainuka. Mtu mmoja akacheka kidogo. Ikasikika sauti ya Bi Echa ikisema mambo yale kwa lugha ambayo mle ndani tuliijua wawili tu. Madamu akaisimamisha mashine. Akatutafuta kwa macho, akauliza kwa Kiingereza kama mama wa mtoto angependa kuwaeleza wageni.

Angeweza kukataa. Mama, ambaye hata kwa daktari alinituma mimi niseme, alisimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani. Alisema mtoto ni huyu. Alisema mtoto alidhani mwanamke huyu amefungwa, kwa sababu yeye, mama yake, alimwambia uwongo. Ndugu yangu amekufa, akasema. Akasimama kidogo, akalirudia, ndugu yangu amekufa. Na mke wake anasema ataandika tena, na tena. Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Madamu akayageuza kwa Kifaransa. Mzee mmoja wa mbele akavua miwani. Kisha mwanamke nyuma yetu akasema jambo kwa sauti, nadhani aliomba waendelee, na Madamu akabonyeza, na mashine ikaendelea na shairi la koti.

Tuliporudi, magharibi ilikuwa imeshaingia. Mjomba Khamis alikuwa amesimama kwenye kijia, mbele ya mlango wa Bi Echa, na mchele wake.

"Mmetoka wapi?"

Nilimsubiri Mama adanganye. "Kumsikiliza mke wa ndugu yako," akasema.

"Mbele ya wanaume."

"Mbele ya watu. Amemsoma Seif. Na mimi nimesimama nikasema kuwa amekufa."

Uso wake ulibadilika. Nadhani hakuwa bado amelisikia likisemwa wazi namna ile na mdogo wake. Akageukia mlango. "Umemsoma Seif kwa Kifaransa?"

"Kwa Kifaransa," mlango ukajibu.

"Seif hakujua Kifaransa."

"Alijua kunisikiliza."

Mjomba Khamis akaweka mchele chini. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Hebu soma, basi."

Bi Echa hakuhitaji kadibodi. Alisoma kwa moyo, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, na yeye akasimama kwenye kijia cha baridi, kofia mkononi, kichwa amekiinamisha, mpaka neno la mwisho. Jirani wa chini hakugonga. Kisha Mjomba akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Sikubali," akasema.

"Sikukuomba," Bi Echa akamjibu.